Kirsty Coventry: medali 3 za fedha ndani ya siku 4, halafu Jumamosi akarudi tena majini

Bwawani_Daima (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu.

Tangu huyu mama, mwogeleaji wa zamani wa Zimbabwe, achaguliwe kuwa rais wa kamati ya kimataifa ya olimpiki Machi 2025 naona watu wanamuongelea kama mwanasiasa tu, mara kapata kura 49 kati ya 97 kamaliza kazi raundi ya kwanza, mara Sebastian Coe, yule mkimbiaji wa zamani wa Uingereza, na jina lake lote kaambulia 8, mara mwanamke wa kwanza, mara Mwafrika wa kwanza. Sawa, yote kweli. Ila ukiwauliza haohao aliogelea nini wanakwambia "si alikuwa anashindaga dhahabu". Hapana aisee. Ndo maana nashusha huu uzi, ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Naanzia katikati, Beijing, Agosti 2008. Mwanzo wake nitaurudia.

Kwanza mjue kitu kimoja, Beijing fainali za kuogelea zilipigwa asubuhi na mchujo jioni, kinyume na ilivyozoeleka, ili Wamarekani waone kwenye tivii zao usiku. Sasa mwogeleaji mwili wake unafunguka jioni, asubuhi misuli bado imelala. Wote waliteseka na hilo sio yeye peke yake, ila yeye alikuwa na mashindano manne.

Jumapili tarehe 10, mita 400 mchanganyiko. Kwa msiojua, hiyo ni mitindo minne mfululizo, kipepeo mita 100, mgongo 100, chura 100, huru 100, bila kupumzika, ndo wanayoiogopa kuliko zote. Rekodi ya dunia ilikuwa 4:31.12 ya Katie Hoff wa Marekani na hakuna mwanamke yeyote aliyewahi kushuka chini ya 4:30. Kirsty akagusa ukuta 4:29.89. Yani kavuka mpaka ambao haujawahi kuvukwa na mwanamke tangu dunia iumbwe. Shida ni kwamba pembeni Stephanie Rice wa Australia alishagusa 4:29.45. Fedha.

Jumatatu nusu fainali ya mgongo mita 100, akapiga 58.77, rekodi ya dunia. Watu tukasema basi kesho ni yake. Jumanne fainali, Natalie Coughlin wa Marekani 58.96, Kirsty 59.19. Angalieni hizo namba vizuri. Angerudia tu alichofanya jana yake dhahabu ilikuwa yake. Mimi hii ndo inaniuma hadi leo, na Coughlin ndo huyohuyo aliyemfunga Athens miaka minne nyuma, 1:00.37 kwa 1:00.50. Fedha ya pili.

Jumatano mita 200 mchanganyiko. Akaogelea 2:08.59, tena ni chini ya rekodi ya dunia iliyokuwepo asubuhi hiyo. Rice tena, 2:08.45. Fedha ya tatu.

Siku nne, mara tatu umeogelea muda ambao ukiupeleka wiki moja kabla wewe ndo mwenye rekodi ya dunia, na kila ukipanda jukwaani unasimama ngazi ya pili unasikiliza wimbo wa taifa la mwenzio. Kesho yake Alhamisi jioni una mchujo wa mgongo mita 200, Ijumaa nusu fainali, Jumamosi fainali.

Naomba nile kwanza, narudi.

Kiti_cha_Mbele

Unajua kutuacha njiani wewe. Ila mkuu tusiremberembe, huyu hakutokea kwenye shida. Kasoma shule nzuri ya masista Harare, wazazi wanajiweza, afu akapelekwa Marekani chuoni. Mimi "safari ya mafanikio" naielewa kwa mtu aliyetoka chini kabisa. Huyu ameanza ngazi ya kumi.

Bwawani_Daima

Nimerudi.

Mkuu Kiti sikatai hata kidogo. Kuogelea bila bwawa la mita 50, bila kochi, bila mtu wa kukulipia tiketi, hufiki popote, huo mchezo ndo ulivyo. Lakini hesabu nyingine ni hii: Zimbabwe tangu ipate uhuru 1980 ina medali 8 za olimpiki, moja ni ya wanawake wa hoki Moscow 1980, zilizobaki 7 zote ni za mtu mmoja. Shule nzuri Harare zilikuwa nyingi na watoto wenye mabwawa walikuwa wengi. Mbona hatuna orodha yao?

Hicho chuo alichoenda ni Auburn, Alabama. Pale ndo alipojenga injini. Sio sehemu ya kubembelezwa, timu yao ya wanawake ilichukua ubingwa wa vyuo vya Marekani 2003 na 2004 yeye akiwemo, maana yake kila asubuhi unaamka unaenda kuogelea na watu ambao wengine watakuwa wapinzani wako olimpiki.

Na hapa kuna kisa watu hawakijui. Rekodi ya dunia ya mgongo mita 200 ilikuwa ya Krisztina Egerszegi wa Hungaria, 2:06.62, ya Agosti 1991. Ikakaa miaka 16 na nusu. Watu wakazaliwa, wakajifunza kuogelea, wakastaafu, ipo tu. Februari 2008 Kirsty akaivunja, 2:06.39. Hakudumu nayo hata miezi sita, Julai kwenye mchujo wa Wamarekani ikachukuliwa kwa 2:06.09. Nani kaichukua? Margaret Hoelzer, waliyekuwa naye timu moja Auburn. Uliyekuwa unapigana naye vikumbo leni moja mazoezini ndo kakuchukulia rekodi mwezi mmoja kabla ya Beijing.

Sasa Jumamosi tarehe 16 wako wote fainali.

Kirsty 2:05.24. Hoelzer 2:06.23. Karibu sekunde nzima wakuu, kwenye mchezo ambao wiki hiyohiyo alikuwa anafungwa kwa vipande vya sekunde. Dhahabu na rekodi kairudisha nyumbani.

KochiMstaafu

Uzi mzuri kijana. Nimefundisha watoto kuogelea miaka mingi kidogo, naomba niongeze cha kiufundi maana watu wanasoma 0.14 wanaona ni namba tu.

Chukueni mita 200, gawanya kwa sekunde 128 na ushee, mwogeleaji anakwenda kama mita moja na nusu kila sekunde. Kwa hiyo ile 0.14 aliyofungwa na Rice ni kama sentimita 22. Shubiri moja. Nyoosheni mkono mezani mpime kidole gumba hadi cha mwisho, ndo hiyo, baada ya mita 200. Ile ya Coughlin haifiki dhiraa. Ile ya mita 400 ni urefu wa mkono wa mtu mzima.

Ukishaona hivyo unaelewa kwamba hakufungwa kwa uvivu wala kwa pumzi. Shubiri unaipoteza kwenye ukuta. Kwenye mgongo humuoni mwenzio wala huuoni ukuta, unaangalia dari. Kinachokuongoza ni zile bendera zinazoning'inia juu ya maji mita 5 kabla ya ukuta, ukizipita kichwani unaanza kuhesabu mikono, mmoja, miwili, mitatu, kila mtu na idadi yake, afu unageuka kifudifudi unajikunja unasukuma ukuta. Ukihesabu pungufu unageuka mapema unaufikia ukuta umenyoosha miguu huna cha kusukuma. Ukizidisha unagonga kichwa. Nimeona watoto wangapi wametoka na nundu! Na ukishasukuma unaruhusiwa kukaa chini ya maji mita 15 tu, kichwa kikichelewa kutoka umefutwa.

Mita 200 zina mageuzo matatu na mguso wa mwisho. Mtu aliyetoka kufungwa mara tatu mfululizo kishawishi chake ni kukaza mabega na kuharakisha mikono, na mgongo haupendi hivyo, ukiharakisha mkono unateleza hauvuti maji, tunaita kupiga povu. Ile fainali ya Jumamosi nimeiangalia mara nyingi, kinachonishangaza sio nguvu, ni kwamba anaogelea kama mtu asiye na deni na yeyote.

DadaWaMgongo

Mzee wangu KochiMstaafu shikamoo. Hapo kwenye dari umenigusa, mimi nimeanza kujifunza kuogelea nikiwa mtu mzima kabisa na watoto, mtindo huru niliuweza ndani ya mwezi mmoja, mgongo ulinitoa machozi. Unalala maji yanaingia masikioni husikii kitu zaidi ya pumzi yako mwenyewe, hujui uko wapi, kila mkono unaorusha nyuma unahisi ndo wa kugonga ukuta. Nilikuwa nasimama katikati ya bwawa naangalia kumbe bado nusu nzima. Watoto wananipita wananicheka. Sasa nikifikiria mtu anafanya hivyo kwa kasi ile na dunia nzima inamtazama, mimi namvulia kofia bila hata medali.

Hizo bendera sijawahi kuambiwa kazi yake aisee. Nilidhani ni mapambo.

KochiMstaafu

Marahaba mwanangu. Sio mapambo hahaha. Kesho ukienda hesabu mikono kuanzia bendera hadi ukuta, pole pole, mara tano. Ukipata idadi ileile mara tano hiyo ndo yako.

Simba_wa_Leni8

Kwa hiyo huyu ndo Mwafrika wa kwanza kuchukua dhahabu ya kuogelea? Au nimesoma vibaya

Bwawani_Daima

Hapana mkuu, usije ukabeba hiyo ukaenda kubishana nayo kijiweni ukaumbuka. Joan Harrison wa Afrika Kusini alichukua mgongo mita 100 Helsinki 1952. Penny Heyns, naye wa Afrika Kusini, alibeba chura zote mbili, 100 na 200, Atlanta 1996. Kirsty anakuja 2004. Afu Beijing hiyohiyo 2008, siku moja baada ya ile Jumamosi, Oussama Mellouli wa Tunisia akachukua mita 1500, na London 2012 akaongeza ya kilomita 10 kwenye maji ya wazi. Na kwa jina lako wewe utakuwa unamjua Ahmed Hafnaoui, Mtunisia mwingine, Tokyo, miaka 18, kaingia fainali ya mita 400 huru kwa muda wa nane, akapewa leni ya 8 pembeni kabisa, akatoka na dhahabu.

Simba_wa_Leni8

Jina limetoka hapohapo 😂 asante kwa darasa

Mpita_Njia77

Mi naomba kuuliza bila kukwaza mtu. Huyu ni mzungu. 2004 Zimbabwe ilikuwa kwenye moto wa mashamba, wazungu wananyang'anywa ardhi kila siku kwenye redio. Ilikuwaje wakampokea?

Bwawani_Daima

Swali halali kabisa na ndo sehemu tamu ya hadithi kuliko hata Beijing.

Kabla ya Athens huyu alikuwa anajulikana na watu wa michezo tu. Sydney 2000 alienda bado mwanafunzi wa sekondari, ndo kwanza katimiza miaka 17, akafika nusu fainali ya mgongo mita 100, Mzimbabwe wa kwanza kufika hapo kwenye kuogelea. Ni olimpiki zilezile za Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliyeogelea mita 100 kwa 1:52.72 peke yake baada ya wenzie wawili kutolewa kwa kuanza kabla ya filimbi, dunia nzima ikamjua yeye. Huyu binti hakuna aliyemuona.

2002 akashinda mita 200 mchanganyiko michezo ya Jumuiya ya Madola Manchester. Mwaka uliofuata Zimbabwe ikajitoa Jumuiya ya Madola, mlango huo ukafungwa hakurudi tena. Ndo akaenda Athens: fedha mgongo 100, shaba mita 200 mchanganyiko, dhahabu mgongo 200 kwa 2:09.19. Nchi haikuwa imeona medali tangu 1980. Miaka 24 mkuu.

Akapokelewa uwanja wa ndege Harare na umati unacheza ngoma, weusi kwa weupe, na serikali ileile ya Mugabe ikampongeza. Beijing ilipoisha Mugabe akampa zawadi ya dola laki moja za Kimarekani, na kumbukeni 2008 ndo mwaka wa noti ya bilioni mia, takwimu za serikali yenyewe za Julai zilisema mfumuko wa bei umefika asilimia milioni 231. Mkate unabadilika bei kati ya asubuhi na jioni. Sasa wewe uko Texas unafanya mazoezi, nyumbani ndo kuko hivyo, ungeweza kabisa kubadilisha pasi ya kusafiria ukaogelea kwa nchi nyingine, wanamichezo wangapi wamefanya hivyo na hatuwalaumu. Yeye kofia yake iliandikwa ZIM olimpiki zote tano.

Mpita_Njia77

Aisee. Hiyo ya pasi sikuwahi kuifikiria. Asante mkuu.

Kiti_cha_Mbele

Mimi bado sijashuka kwenye hoja yangu. Dola laki moja wakati wananchi wanapanga foleni ya mkate hiyo sio habari ya kusifia. Na baadae si ndo akawa waziri wa michezo 2018 chini ya Mnangagwa, tukaona mpira wa Zimbabwe unafungiwa na FIFA mwaka mzima na zaidi, 2022 hadi 2023, kwa sababu serikali imeingilia chama cha soka. Bingwa majini sawa. Ofisini je?

Bwawani_Daima

Hapo sibishani na wewe. Zawadi hakuipanga yeye, ila uwaziri aliukubali mwenyewe na kila kilichotokea kipo kwenye hesabu yake. Watetezi wake watakwambia serikali ilikuwa inasafisha uozo kwenye chama, wapinzani watakwambia wachezaji ndo walioumia kukosa mechi za kimataifa. Mimi nimeandika uzi wa majini maana huko ndo naona vizuri. Wewe fungua wa ofisini nitakuja kuchangia, na sitakuja kumtetea.

Kiti_cha_Mbele

Nimekuelewa. Endelea basi, baada ya Beijing ikawaje? Maana hapo ndo wengi hupotea.

Bwawani_Daima

2009 Roma, mashindano ya dunia, mwaka ule wa mavazi ya plastiki yaliyokuwa yanafanya rekodi zivunjwe kama mayai, akashusha tena mgongo mita 200 hadi 2:04.81. Mwaka uliofuata yale mavazi yakapigwa marufuku na wengi wakaamini rekodi za kipindi kile zitakaa miaka.

London 2012, fainali ya mgongo 200. Ana miaka 28, karibu 29. Kwenye fainali hiyo yumo binti wa Kimarekani wa miaka 17, Missy Franklin, ambaye Kirsty anashinda Athens yeye alikuwa na miaka 9. Franklin akapiga 2:04.06 bila vazi la plastiki. Kwa hiyo rekodi yake imevunjwa yeye mwenyewe akiwa majini, leni chache pembeni, amelala chali anaangalia dari hajui. Anagusa ukuta, anageuka kuangalia ubao, anaona nafasi yake iko nje ya medali na jina la mtoto limeandikwa pembeni ya maneno rekodi ya dunia.

Nikajua huyu kamaliza. Medali saba anazo, nani angemlaumu.

2016 Rio namuona tena. Anakaribia miaka 33, olimpiki ya tano, na kaingia fainali ya mgongo mita 200 kwa mara nyingine. Hakupata medali. Ndo akastaafu.

KochiMstaafu

Hiyo ya Rio mimi naiweka juu kuliko watu wanavyoiweka. Mgongo unakula bega. Kila mkono unazungusha bega kutoka nyuma ya sikio, mazoezi ya siku moja ya watu wa ngazi ile ni maelfu ya mizunguko, zidisha kwa miaka 16 kati ya Sydney na Rio. Kufika fainali ya olimpiki umri huo kwenye mita 200, wakati wenzako wa 2004 wengi wameshakuwa makocha, hiyo sio bahati.

Simba_wa_Leni8

Mkuu Bwawani swali la mwisho, angepewa achague, unadhani angebadilisha zile fedha tatu za Beijing kwa dhahabu moja ya mita 400?

Bwawani_Daima

Sijui yeye. Mimi ningechukua zile 0.23 za Jumanne tu, basi. Zingine Rice alistahili, kila alipoulizwa swali alijibu kwa rekodi ya dunia. Ila Jumanne ile huwa nikiangalia vidio bado nafika mita 75 najishika kichwa, kana kwamba safari hii ataufikia ukuta kwanza.

DadaWaMgongo

Wakuu samahani kwa kurudisha uzi nyuma. Mzee KochiMstaafu nimetoka bwawani sasa hivi. Nimehesabu kutoka kwenye bendera kama ulivyosema: saba, saba, nane, saba. Ya tano nikasema sasa naongeza kasi kidogo kama wale wa Beijing.

Sita na kichwa. Nundu ninayo hapa naikanda na barafu.

KochiMstaafu

Hahaha pole sana mwanangu. Ukibadilisha kasi, idadi ya mikono nayo inabadilika. Kesho anza upya na saba, pole pole.